Kutoka Kiomboi kwenda kutibu uvimbe wa ubongo: Jiandae kwa msimu, si kwa wiki

Barabara ya kutoka Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba, huungana na barabara kuu ya Singida–Nzega pale Misigiri. Ukishuka kutoka Kiomboi, kushoto ni Singida, Dodoma na Dar es Salaam. Kulia ni mlima Sekenke, Shelui, na mbele zaidi Mwanza. Wengi wanaopita njia panda hiyo wana magunia ya alizeti au matenga ya kuku wa kienyeji. Wachache wana bahasha yenye barua ya rufaa ya mtoto anayeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo.

Kwa hao wachache, swali la kwanza huwa ni nauli. Linalosahaulika ni hili: tutakaa huko muda gani?

Dalili huanzia nyumbani

Maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi, kutapika bila kuharisha, kuyumba wakati wa kutembea, makengeza yaliyoanza ghafla, degedege bila homa, au kichwa cha mtoto mchanga kinachokua haraka kupita kawaida: zote ni dalili za kumpeleka mtoto hospitali.

Mzazi wa Iramba hufikiria malaria kwanza, na kupima ni sahihi. Ila kipimo kikionyesha hakuna malaria na dalili zikarudi, rudi hospitali, usiongeze dozi nyingine. Vilevile degedege lisilo na homa huitwa kurogwa, na wiki zikaishia kwa mganga huku uvimbe ukikua. Nunua daftari. Andika tarehe, saa na kilichotokea. Daktari wa Dar es Salaam hatakuwa amemwona mtoto akianguka, daftari lako ndilo litakalomweleza.

Ngazi kwa ngazi

Upasuaji wa ubongo haufanyiki Kiomboi. Hospitali ya wilaya humwandikia mgonjwa rufaa kwenda hospitali ya mkoa, Singida. Picha ya CT au MRI ndiyo huonyesha uvimbe uko wapi. Kutoka hapo anaweza kupelekwa Benjamin Mkapa, Dodoma, au Bugando, Mwanza, au Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam. MOI iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996 na, licha ya jina lake, hupasua pia ubongo na mishipa ya fahamu.

Kabla ya kuondoka Singida, uliza kuhusu malipo. Kadi ya CHF iliyoboreshwa imekuwa ikiishia ngazi ya hospitali ya mkoa, na familia nyingi huligundua hilo zikiwa dirishani Dar es Salaam. Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa.

Upasuaji si mwisho

Baada ya upasuaji, kipande cha uvimbe hupelekwa maabara. Kama si saratani, huenda upasuaji ukatosha. Kama ni saratani, mara nyingi hufuata mionzi, na kwa Dar es Salaam hutolewa Taasisi ya Saratani Ocean Road. Kila dozi huchukua dakika chache tu, lakini hutolewa siku tano kwa wiki, na huweza kufika wiki sita. Mtoto asiyelazwa anahitaji pa kulala kila usiku.

Hapo ndipo safari nyingi hukatika. Familia iliyobeba fedha za wiki mbili huanza kuhesabu nauli ya kurudi, na mionzi ikikatizwa njiani uvimbe hupata nafasi ya kukua tena. Kwa hiyo msiuze mbuzi wote siku moja. Bakizeni wa mwezi wa pili, na kubalianeni nani atauza na kutuma fedha kwa simu. Amueni nani atakaa na mtoto, nani atampokea zamu, na nani atavuna alizeti. Ndugu wa Dar es Salaam mwambieni ukweli: si wageni wa siku tatu, huenda ikawa miezi miwili.

Mkoba wa hospitali

Barua ya rufaa, picha za vipimo, cheti cha kuzaliwa, daftari na dawa vikae kwenye mkoba wa mkononi, visiwekwe kwenye buti la basi. Dawa za kifafa na za kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni, hazikatishwi ghafla bila daktari. Ongeza khanga, ndala, sweta, chupa ya chai, chaja, na nguo zenye vifungo mbele, zisizopitia kwenye kidonda cha kichwa. Siku ya upasuaji usimpe mtoto chochote, hata maji, bila kumuuliza muuguzi. Hospitali huweza kuomba ndugu wachangie damu, wajulishe mapema.

Mtoto naye aelezwe. Kwamba nywele zitanyolewa, kwamba ataamka na bandeji na mipira, kwamba mama au baba hatakuwa mbali. Kama amezoea Kinyiramba, aelezwe kwa Kinyiramba, na mzazi awaambie wauguzi maneno anayotumia kusema anaumwa au ana kiu. Mwalimu mkuu naye apewe taarifa, ili nafasi ya mtoto darasani isipotee.

Siku ya kuruhusiwa, usitoke wodini bila kujua tarehe ya kliniki inayofuata. Iandike kwenye daftari, na nauli ya kurudi kliniki itengwe siku hiyohiyo, kabla fedha hazijaingia kwenye mbolea.