Skripti Yako Ijue Kusema "Sijui"

Wasee, kuna majibu mawili ambayo watu huyachanganya kila siku: "hakuna" na "sijui". Ukienda dukani kuuliza unga, mwenye duka akisema hakuna, unaenda duka lingine. Akisema "ngoja kidogo niangalie nyuma", unangoja. Leo naongea kuhusu seva za barua pepe, na maoni yangu ni haya: ukiandika skripti ya kuisaidia seva, kazi yake kubwa ni kutofautisha hayo majibu mawili. Hayo mengine ni mapambo.

Najua wengi wenu mnaona imeli ni kitu cha wazee. Lakini ukiwa kwa hii kazi ya kontenti, doo haiingii kwa DM. Inaweza kuanzia huko, sawa, lakini mkataba, ankara na ile barua ya "tumekuchagua" hupitia imeli.

Mwaka jana nilituma ombi la ufadhili wa video kwa shirika moja, zikiwa zimebaki saa mbili dirisha lifungwe. Barua ikarudi papo hapo: 550, mtumiaji hayupo. Anwani nilikuwa nimeinakili kutoka kwa tangazo lao wenyewe, herufi kwa herufi. Kesho yake nikapiga simu, na jamaa wao wa kompyuta akaniambia bila wasiwasi wowote ati databesi "ilikuwa imelala kidogo" jioni hiyo. Anwani ilikuwepo muda wote. Seva yao ilishindwa kuangalia, ikaamua kusema hayupo. Dirisha likafungwa, mimi nikabaki nje.

Ndiyo maana kikundi chetu kilipoamua kuwa na seva yake, nilisoma hiyo sehemu kwanza. Tuko tisa, tunatumia domeni moja, na kazi ya seva niliachiwa mimi. Tunatumia Postfix, programu iliyoandikwa na Mholanzi anayeitwa Wietse Venema akiwa mtafiti huko IBM, ikatolewa kwa umma mwaka wa 1998. Ni ya bure, na nyaraka zake pia ni za bure. Hazikuulizi cheti cha chuo.

Kwa kawaida unaipa Postfix faili yenye orodha: anwani hii inaenda kwa fulani, ile kwa fulani. Kwa watu tisa inatosha kabisa. Shida yetu ilikuwa kampeni. Kila kampuni tunayofanya nayo kazi tunaipa anwani yake peke yake, yenye tarehe ya kuisha. Kampeni ikiisha, anwani inakufa. Na ikianza kupokea barua taka, tunajua ni nani aliyeigawa. Sasa, faili la kawaida halijui leo ni tarehe ngapi. Hapo ndipo skripti inaingia.

Kwenye main.cf, mahali pa virtual_alias_maps, unaandika tcp:127.0.0.1 na nambari ya poti. Yaani unaiambia Postfix iache kufungua faili, iulize programu inayosikiliza kwenye hiyo poti. Mazungumzo yao ni mafupi kuliko ya makanga na abiria. Postfix inatuma laini moja: neno get, nafasi, kisha anwani. Skripti inajibu laini moja inayoanza na nambari. 200 ni "nimepata", ikifuatwa na mahali pa kupeleka barua. 500 ni "hakuna kitu kama hicho". 400 ni "nimepata shida, uliza tena baadaye". Basi. Yangu ni ya Python, laini kama hamsini hivi, lakini lugha yoyote inayoweza kufungua soketi itafanya kazi.

Angalia kinachofuata. Ukijibu 500, na hakuna orodha nyingine inayoijua hiyo anwani, Postfix inamwambia mtumaji 550. Barua inarudishwa kwa mwenyewe, hadithi imeisha. Ukijibu 400, mtumaji anaambiwa 451, na seva yake inaiweka barua kwenye foleni ili ijaribu tena. Kama mtumaji naye anatumia Postfix, kwa mipangilio ya kawaida itaendelea kujaribu hadi siku 5. Yaani tarakimu moja kwa skripti yako ndiyo inaamua kama mtu atasubiriwa siku 5 au atafukuzwa kwa sekunde moja.

Na hapa ndipo watu huharibu. Skripti inaandikwa hivi: chochote kikienda vibaya, rudisha tupu. Tupu inageuka kuwa 500. Inaonekana safi, haipigi kelele, haianguki. Lakini inadanganya. Kichekesho ni kwamba skripti iliyokufa kabisa ni salama kuliko hiyo. Postfix ikibisha kwenye poti na kukosa mtu, haisemi hayupo, inamwambia mtumaji ajaribu baadaye.

Sheria zangu ni tatu. 500 inatoka tu kama databesi imejibu, na jibu lenyewe ni kwamba anwani haipo au tarehe yake imepita. Databesi ikikaa sekunde 3 bila kujibu, ni 400. Likitokea jambo lolote ambalo sikulitarajia, pia ni 400.

Mtu ataniambia kwamba 400 nayo ina ubaya wake: barua inaweza kukaa kwenye foleni siku nzima na mtumaji akidhani imefika. Ni kweli, sikatai. Kusema "sijui" kisha usiende kuangalia ni uvivu tu. Kwa hivyo skripti yangu ikitoa 400 mara tano mfululizo, simu yangu inalia, hata kama ni usiku wa manane.

Ililia mwezi wa nne. Mashine ya bei rahisi tuliyokodisha kwa ajili ya databesi ilipotea hewani usiku, ikakaa hivyo karibu masaa matatu. Nikafungua logi nikaona 451 zimepangana. Barua moja ilikuwa ya dada mmoja wa kikundi chetu: mkataba wake wa kwanza wa kurekodi sauti za matangazo, na walitaka uwe umesainiwa kabla ya saa nne asubuhi. Databesi ilirudi saa kumi alfajiri, na dakika chache baadaye barua ikaingia. Alipoamka aliikuta, akasaini, akaenda zake kazini. Mimi ndiye nilikuwa na macho mekundu.

Hii si stori ya imeli pekee. Mara ngapi umesimama kwa dirisha la ofisi fulani ukaambiwa jina lako halipo, na ukweli ni kwamba sistimu ilikuwa chini? Unarudi nyumbani ukijiuliza ulikosea wapi, na hukukosea popote. Nyuma ya hilo dirisha kuna mtu aliyeandika programu, na kuna siku alichagua jibu rahisi. Wengi wetu tunaosoma hapa ndio tutakuwa tunaandika hizo programu kesho.

Kwa hivyo kama una skripti ya aina hii, fanya jaribio moja leo. Zima databesi makusudi. Kisha tumia postmap -q kuuliza anwani ambayo unajua ipo. Amri ikilalamika kwamba imeshindwa kusoma jedwali, uko sawa. Ikikaa kimya kana kwamba hiyo anwani haijawahi kuwepo, fungua skripti yako urekebishe kabla hujalala.