Kombe la Agonauta

Agonauta ni pweza wa bahari kuu, asiyekaa mwambani kama pweza wengi. Jike hubeba kombe jeupe, jembamba kama karatasi, na ndani yake hutaga mayai na kuyalea. Dume ni mdogo mno, wa sentimita chache tu, wala hana kombe.

Kwa karne nyingi wataalamu walibishana kuhusu mwenye kombe hilo. Aristotle aliamini kwamba mnyama huyu hutanda utando wa minyiri yake na kusafiri kwa upepo juu ya maji. Wengine walimwita mwizi wa nyumba, sawa na kaa wanaohamia makombe ya konokono waliokufa, kwa kuwa mwili wake haukushikamana na kombe kwa msuli wowote. Hoja ilikuwa na nguvu, ila waliosema hivyo hawakumtazama kaa vya kutosha. Kaa huyo ana tumbo laini lililopinda kufuata mzunguko wa kombe la konokono, na miguu mifupi ya nyuma ya kujikazia ndani. Maumbile yake yote yanaonyesha ukaaji wa kuazima. Agonauta hana hata kimoja kati ya hivyo.

Mwandishi wa kumbukumbu hizi alimjua agonauta kwanza kwa kombe tupu katika kabati la maabara. Likiinuliwa dirishani, mwanga ulipenya, na mistari ya ukuaji ikaonekana ikikatiza mbavu zake moja baada ya nyingine. Kitabu cha darasani kililitaja kwa sentensi moja, kisha kikaenda kwa ngisi. Namna lilivyojengwa haikuwezekana kujulikana kwa kutazama kombe pekee.

Aliyelitatua fumbo hilo ni Jeanne Villepreux-Power, binti wa fundi viatu wa Juillac, Ufaransa, aliyekuwa mshonaji jijini Paris kabla ya kuolewa na kuhamia Messina, Sicily. Miaka ya 1830 alitengeneza matangi ya kioo na vizimba vya kuzamisha baharini, akafuga agonauta hai. Aliona kwamba watoto huanguliwa bila kombe. Alipovunja kipande cha kombe la jike, jike alilikunjia minyiri miwili ya juu yenye utando mpana, na utando huo ukatoa chokaa ya kuziba pengo. Mwizi hawezi kufanya hivyo. Mwaka 1838 meli iliyobeba sehemu kubwa ya mkusanyo wake ilizama, lakini matokeo yalibaki, na mwanaanatomia Richard Owen akayatetea London.

Dume naye alichelewa kueleweka. Mnyiri wake wa kupandishia hukatika na kubaki ndani ya jike. Mwaka 1829 mtaalamu wa wanyama Cuvier aliupa jina mnyiri wa namna hii, akidhani ni mnyoo kimelea.

Kombe pia hubeba hewa, na kazi ya hewa hiyo ilijulikana mwaka 2010, watafiti Julian Finn na Mark Norman walipochapisha uchunguzi wa agonauta hai katika Bahari ya Japani. Jike hupanda hadi juu, hujaza hewa kombeni, huiziba kwa minyiri, kisha hupiga mbizi. Kadiri anavyozama, maji huibana hewa ikapungua ujazo, mpaka nguvu ya kuelea inalingana na uzito wake. Akifika kina hicho haelei juu wala hazami, na nguvu zake zote hubaki kwa kuogelea.