Kitanda Usichokilalia: Utafiti katika Mazingira Asilia

Mtafiti agawaye hojaji asubuhi na kuzikusanya jioni hurudi na majibu mengi, ila huenda asirudi na maisha ya waliojibu. Ndiposa Yvonna Lincoln na Egon Guba, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walisisitiza kwamba mambo ya binadamu yachunguzwe yanamotendekea, mtafiti mwenyewe akiwa chombo kikuu cha kukusanyia data.

Shirley Brice Heath alikuwa amekwisha kulidhihirisha hilo. Kwa takriban miaka 10 alitangamana na jamii mbili za wafanyakazi wa viwanda vya nguo katika eneo la Carolina, Marekani, akachapisha matokeo yake mwaka 1983. Darasani, watoto Weusi wa Trackton, jina alilolibuni kuisitiri jamii yao, walinyamazia hata maswali mepesi. Nyumbani walisimulia na kutaniana kwa ufasaha. Heath aligundua kwamba ilikuwa nadra wazazi wao kuuliza jambo ambalo muulizaji tayari analijua. Maswali ya walimu yalikuwa ya aina hiyo hasa.

Mtihani pekee ungewaita watoto hao wajinga. Hapo ndipo ulipo uzito wa mbinu hii. Hata hivyo, kuishi na watu si uthibitisho tosha: Lincoln na Guba walitaka pia vyanzo vilinganishwe, na watafitiwa warejeshewe tafsiri ya mtafiti waikosoe. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na aliyekilalia usiku mmoja asijidai mwenyeji.