Tangi Ndani ya Jahazi

Mvumi hadi Dodoma mjini ni vumbi, Dodoma hadi Dar es Salaam treni ya umeme, kisha boti ya Unguja na daladala ya Nungwi. Njiani hakuna la kusimulia. Nilikwenda kuona mafundi wanaojenga majahazi ufukweni, kazi ambayo sisi wa Ugogo huisikia tu.

Jahazi nililolikuta lilikwishasimama. Mataruma yalikuwa yamefunikwa mbao, na vijana wawili walikuwa wakitia kalafati, wakisindilia pamba yenye mafuta katikati ya ubao na ubao. Hakukuwa na mchoro wowote. Vipimo vyote vilikuwa kichwani mwa fundi mkuu, mzee aliyepapasa mkuku kwa kiganja akajua wapi pa kupunguza. Nilistaajabu kwelikweli.

Ndipo akaja mwenye chombo, mfanyabiashara wa Dar es Salaam.

“Hili si la kubeba mkaa, kaka,” aliniambia. Vyumba vya kulala, vyoo vya kuvuta, bafu la maji moto: wageni wakitoka kuogelea kisiwani Mnemba waoge watoe chumvi. Akagonga tangi kubwa lililokuwa likisubiri kuingizwa.

“Maji yatatoka wapi?”

“Boza litaleta.”

“Na boza litayatoa wapi?”

“Kisimani.”

“Kisima cha nani?”

Akacheka. Mimi sikucheka. Kwetu mvua ikikatika Aprili, kuisubiri tena ni hadi Desemba. Mama zetu huchimba mchanga wa korongo, wakangoja maji yajikusanye, wakachota kwa kata. Nilidhani shida hiyo ni ya bara kavu. Lakini mwaka 2012 shirika la Tourism Concern la Uingereza lilichapisha utafiti uliogusa Nungwi yenyewe: mgeni alitumia maji mara 16 ya mwenyeji. Na visima vya pwani vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari huingia chini kwa chini. Anayebaki na kisima cha chumvi ni mwanakijiji, mgeni ameshapanda ndege. Nilimwambia hayo yote, na sauti yangu haikuwa ya upole.

Fundi akanivuta pembeni. “Mwanangu, usinifukuzie mteja. Wavuvi siku hizi wanataka boti za faiba. Vijana hawa wanajifunza kwa majahazi ya wageni.”

“Na nyumbani kwako, mzee wangu, maji yapo?”

“Tunanunua kwa dumu.”

Hasira ilinipungua, si kwa sababu nilishindwa hoja. Ufundi huu una haki ya kuishi, tena unaweza kubeba jambo jipya. Kule Lamu, Ali Skanda na wenzake walijenga jahazi la Flipflopi kwa taka za plastiki, wakalizindua mwaka 2018, na mwaka uliofuata likatweka tanga hadi Zanzibar. Waliofanya hivyo ni mafundi wa pwani hii hii.

Nikarudi kwa mwenye chombo, nikamuuliza kuhusu mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari.

“Ipo. Ni ghali.”

“Ghali kuliko bafu la maji moto?”

Alinyamaza, akalitazama tangi. Fundi alikuwa ameshasikia.

“Nafasi ipo, kule tezi,” alisema. “Ila uniambie kabla sijafunga sitaha.”