Nchi ya jua, lakini tunaishi kwa mvua

Nimepotea kidogo, kazi zilinibana. Leo nataka tuongee jambo ambalo kila mtu hulianzisha akikosa la kusema kwenye daladala: hali ya hewa.

Nina rafiki yangu wa Ulaya aliyekuwa anapanga kuja kutembea. Akaniuliza swali fupi tu: Tanzania hali ya hewa ikoje mwezi wa saba? Nikamuuliza, Tanzania ipi? Akadhani namtania. Yeye kwenye vipeperushi kaona minazi, mchanga mweupe na jua, basi akajua nchi nzima iko hivyo. Kweli mwezi wa saba Zanzibar ni raha, kusi inavuma na joto limepungua. Lakini mwezi huohuo Njombe watu wanalala na mablanketi mawili, na kule Kitulo kuna asubuhi unakuta umande umeganda juu ya majani. Dodoma nako ni vumbi na upepo mkavu, na mvua ya mwisho watu wameshaisahau.

Mgeni simlaumu. Ninaotaka kusema nao leo ni sisi wenyewe, hasa sisi tunaoishi Dar na kufanya kazi za habari. Tunaongea kana kwamba mvua ya Dar ndiyo mvua ya Tanzania.

Shuleni tulifundishwa kwamba ukanda wa mvua hulifuata jua. Jua likielekea kusini mwishoni mwa mwaka, mvua nazo hushuka, na likirudi kaskazini, mvua hurudi nalo. Walio karibu na ikweta hupitiwa mara mbili. Ndiyo maana Dar, Tanga, Zanzibar, Kilimanjaro, Arusha na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria wana vuli kuanzia Oktoba mpaka Desemba, kisha masika kuanzia Machi mpaka Mei. Ukishuka kusini, kwenda na kurudi huko kunaungana kukawa kitu kimoja. Dodoma, Singida, Tabora, Iringa, Njombe, Mbeya, Rukwa, Ruvuma, Lindi na Mtwara wana msimu mmoja tu, takriban Novemba mpaka Aprili. Ukipita huo, subiri mwakani.

Hata kiasi hakilingani. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dar kama 1,100 hivi, na Dodoma haifiki hata 700. Nchi moja, bendera moja, lakini mbingu tofauti kabisa.

Sasa kwa nini naliona hili ni jambo kubwa? Kwa sababu ya mzee wangu.

Baba yangu ni mkulima mkoani Dodoma. Mtama, karanga na alizeti kidogo. Kila mwaka ikifika Oktoba au Novemba, nikimpigia simu, baada ya shikamoo na marahaba swali lake ni lilelile: "Mwanangu, huko kwenye habari wanasemaje kuhusu mvua?" Ananiuliza mimi kwa sababu nafanya kazi kwenye habari, na kwake yeye mtu wa habari ndiye anayejua. Mwaka mmoja nikamwambia, wanasema mvua za vuli zimeanza. Akanyamaza kidogo, halafu akasema: "Vuli ya nani?"

Swali hilo limenikaa kichwani mpaka leo. Yeye hana vuli. Mbegu zake ziko kwenye debe, za kutosha kupanda mara moja. Mvua ya kwanza ikidondoka Novemba, lazima aamue: hii ni mvua yenyewe, au ni ya kudanganya? Akipanda mapema na jua likarudi wiki tatu, miche inakauka. Akichelewa, mvua itakatika kabla mtama haujakomaa. Jirani yake mmoja alipanda kwenye manyunyu ya kwanza baada ya kusikia redioni kwamba mvua zimeanza. Jua likazichoma zote, akauza mbuzi wawili ili anunue mbegu nyingine. Mtu wa Tanga vuli ikimtupa, bado ana matumaini ya masika. Mzee wangu akikosa, amekosa mwaka mzima.

Na jamani, tusiwasingizie wataalamu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli, wa masika na wa msimu, kila mmoja peke yake, na hutaja mikoa husika. Maelezo hayo hupotea kwetu, kwenye vyumba vya habari. Utabiri unaingia ukiwa na orodha ya mikoa, unatoka ukiwa kichwa cha habari cha maneno matatu: "Mvua zaanza rasmi." Zimeanza wapi? Kwa nani? Mhariri mmoja aliwahi kuniambia orodha ya mikoa inamchosha msomaji. Labda inamchosha msomaji wa Dar. Msomaji wa Mpwapwa anautafuta mkoa wake kwanza.

Kama wewe wa Dar unaona hayo ni ya wakulima, hebu kumbuka mwaka 2006. Umeme ulikuwa wa mgawo, jenereta zinanguruma kila mtaa, saluni na mashine za kusaga zimelala. Maji ya Mtera yalikuwa yameshuka vibaya. Bwawa la Mtera haliujui mvua wa Dar, hata Jangwani ifurike mpaka barabara ifungwe. Linategemea mto Ruaha Mkuu, yaani mvua za Mbeya, Njombe na Iringa, kwa watu wa msimu mmoja. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, liko mto Rufiji, na Ruaha huyohuyo humwaga maji yake humo. Kwa hiyo feni inayokupepea Sinza mwezi wa pili inahusiana na mvua iliyonyesha Usangu kuliko iliyonyesha Sinza.

Na mvua ikizidi, hadithi ni hiyohiyo. Tarehe 3 Desemba 2023, wakati wa El Nino, tope liliporomoka kutoka mlima Hanang likaufunika mji wa Katesh, na watu wengi wakafa. Aprili 2024 Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini kutokana na mafuriko na maporomoko ya msimu huo. Tahadhari isiyotaja mahali ni sawa na kelele tu. Kila mtu anadhani anaambiwa mwenzake.

Watalii tuwaachie jua lao. Tena Aprili na Mei, hoteli za pwani zinaposhusha bei na nyingine kufunga kwa sababu eti hali ya hewa ni mbaya, mashamba ya huko ndiyo yanapendeza. Ubaya wa hali ya hewa unategemea unamuuliza nani. Lakini sisi tunaoandika tujizoeze jambo dogo: tukisema mvua, tutaje ya wapi. Maneno mawili zaidi kwenye kichwa cha habari hayamalizi wino, na huenda yakaokoa debe la mbegu.

Haya, nimeongea sana. Nawe niambie, huko kwenu mvua huanza lini, na nani huwaambia kwamba imeanza kweli?