Kisiwa Kimya cha Tilos

Waswahili hawakukosea waliponena, tembea uone. Wapenzi wasomaji, likizo ya Aprili nilijaliwa kufika Ugiriki kumtembelea mama mdogo, ambaye kwa miaka tisa sasa anafanya kazi hotelini katika kisiwa cha Rhodes. Nyanya alinituma neno moja tu: "Muulize atarudi lini."

Mama mdogo alipopata siku mbili za mapumziko, tuliabiri meli hadi Tilos, kisiwa kidogo kilicho mwendo wa kama saa mbili hivi. Meli ilipotia nanga Livadia, nilipigwa na butwaa. Hakuna matatu, hakuna makanga, hakuna kelele! Wakazi wake ni mia chache tu. Mbuzi walizagaa kila mahali, na vilima vilijaa maua. Ajuza mmoja alitusalimu, "Kalimera," yaani habari za asubuhi, kisha akaendelea kufagia kizingiti chake. Wee, utulivu ule si mchezo!

Lililonishangaza zaidi ni ndovu. Naam, ndovu! Mwaka wa 1971 mifupa yao iligunduliwa katika pango la Charkadio. Walikuwa ndovu wadogo ajabu, kimo chao kama cha mtu mzima. Kisiwani malisho ni haba, hivyo kizazi baada ya kizazi miili yao ilipungua. Leo hayupo hata mmoja. Mimi mtoto wa Taita, ninayewajua vyema ndovu wa Tsavo wanaotuvamia mashambani, niliduwaa kabisa.

Kesho yake tulipanda mlima hadi Mikro Chorio. Zamani watu waliishi huko juu kwa kuwaogopa maharamia. Hatari ilipokwisha, waliteremka kutafuta riziki bandarini, na katika karne ya 20 kijiji kikawa mahame. Kuta za mawe zingalipo, lakini paa hakuna. Inasemekana waliohama walibeba hata mbao zake. Kanisa tu ndilo linalotunzwa, jeupe pepepe. Pembeni niliona matuta ya mashamba kama yetu, yamemea magugu.

Hapo ndipo nilipoutoa ujumbe wa Nyanya. Mama mdogo alinyamaza kitambo, mkono wake ukutani.

"Paa la mama linavuja bado?"

"Linavuja, Mama. Tunakinga maji kwa sufuria."

"Basi mwambie asiite fundi. Nitakuja Desemba, tuliezeke pamoja."

Wasomaji wenzangu, mgeni hufurahia utulivu wa mahali kama Tilos, nami niliufurahia. Lakini kuna kimya kinacholetwa na watu kuhama. Wengi wetu tukimaliza Kidato cha Nne tutaelekea Nairobi, Mombasa, wengine ng'ambo. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Twendeni tukatafute, lakini paa tuliache palepale.