Karamu ya Usiku Juu ya Maji ya Mombasa

Kisiwa cha Mombasa kimekumbatiwa na mikono miwili ya bahari. Mkono wa kusini ni Kilindini, penye bandari kubwa ya meli za mizigo. Mkono wa kaskazini ni Hori ya Tudor, ipitayo mbele ya Mji wa Kale, ikakatiza chini ya daraja la Nyali, kisha ikapotelea katika mikoko. Tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20, baadhi ya majahazi yaliyokwisha kustaafu kazi ya kubeba boriti na chumvi yametandikwa mazulia na meza, yakawa mikahawa ya baharini. Wako pia wanaokodi chombo kizima kwa jioni moja ili kumuaga mstaafu, kuwapongeza maarusi, au kuwaenzi wazazi waliotimiza miaka mingi ya ndoa.

Aliyezoea karamu za ukumbini hudhani kuwa shughuli huanzia jikoni. Baharini huanzia katika kuutazama mwezi. Watoto wanaotaka kumfurahisha mama yao mzee watamwendea nahodha kuomba usiku wa mwezi mpevu, maana waona hakuna kizuri zaidi ya mbalamwezi juu ya maji. Nahodha mzoefu huwasikiliza kwa adabu, kisha huwashauri vingine.

Sababu yake ni hii. Mwezi ukiwa mpevu, bahari huwa katika bamvua. Kwa pwani ya Mombasa, maji ya bamvua hujaa kabisa mnamo saa 10 au 11 jioni, na hukupwa kabisa mnamo saa 4 au 5 usiku. Kati ya kujaa na kukupwa, tofauti ya kina hupita mita 3. Basi wageni hupanda chombo kikiwa karibu sawa na gati, lakini warudipo hukikuta kimeshuka chini sana, na mbele yao zipo ngazi zilizolowa, zenye utelezi wa mwani. Kijana atazipanda akicheka. Mama mwenye magoti mabovu atabebwa kama mzigo mbele ya wakwe na wajukuu, na heshima yote aliyoandaliwa itaishia hapo.

Ndiyo maana nahodha hupendekeza mwezi wa siku ya 7 au ya 8. Hizo ni siku za maji mafu, ambapo bahari haipandi sana wala haishuki sana. Maji huwa yanajaa taratibu tangu magharibi, nayo hufika ukomo wake mnamo saa 4 usiku au baadaye kidogo, wakati wa wageni kurejea. Nusu mwezi huwa juu ya vichwa jua lituapo, wala hauzami mpaka karibu na usiku wa manane. Mwanga wake watosha kuonana nyuso.

Baada ya mwezi hufuata upepo. Kusi huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na miezi yake ya kwanza huja na masika. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, nayo ina usiku mkavu. Wakati wa kusi bahari ya nje ya mwamba huchafuka, na mwenye busara hubaki ndani ya hori. Wageni hawapotezi kitu, kwa kuwa mengi yanayostahili kutazamwa yamo humo.

Jua hutua nyuma ya mji. Kutoka majini, Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, huonekana nyeusi dhidi ya wekundu wa mbingu. Mbele yake, chini ya maji yayo hayo, ilizama merikebu ya Kireno Santo António de Tanna mwaka 1697, wakati ngome ilipokuwa imezingirwa. Wapiga mbizi waliyachunguza mabaki yake kati ya mwaka 1977 na 1980, na vitu vingi walivyovitoa vilihifadhiwa katika makumbusho ya ngome. Mbele zaidi hupita nyumba za Mji wa Kale na mnara wa Msikiti wa Mandhry, kisha daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980, na taa za magari zikienda na kurudi juu yake.

Chakula nacho chataka hesabu. Wali wa nazi na kaimati hupikwa nchi kavu, vikaletwa katika vyombo vyenye vifuniko. Samaki wa kupaka na kamba huchomwa humo humo chomboni. Jiko la makaa hukaa tezi, juu ya sanduku la mchanga, maana chombo kikitia nanga, omo huelekea upepo, na moshi huondoka nyuma bila kuwafikia wageni. Mchuzi mwepesi haufai, kwa kuwa wimbi la mashua ipitayo latosha kuumwaga. Kahawa chungu na halua hungoja mwisho.

Lakini kabla ya kuhesabu sahani, mwenye karamu hana budi kuhesabu maboya ya kuvaa, ya watu wazima na ya watoto, moja kwa kila kichwa. Tarehe 29 Aprili 1994, kivuko cha Mtongwe, katika maji ya Kilindini, kilipinduka karibu na nchi kavu kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walipoteza maisha. Watanzania, waliozika wengi wa MV Bukoba mwaka 1996, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo penye mtihani, kwani katika desturi za pwani mgeni asiyealikwa hafukuzwi. Chombo kilichoruhusiwa watu 30 kitafikiwa na watu 38, nao wote ni jamaa. Dawa yake ni kuandaa mapema jamvi na sinia za pili hapo gatini, ili watakaobaki wale chakula kile kile, nao wawepo kuwapokea wenzao. Binamu aliyeachwa nchi kavu atanuna siku mbili. Nahodha akishikilia idadi yake, asibembelezwe wala asiongezwe fedha. Na kabla ya kutoa arubuni, wahusika waandikiane nini kitafanyika dhoruba ikizuia safari.

Saa 4 usiku chombo hurejea gatini kikiwa kimeinuliwa na maji. Mama hushika mkono wa mjukuu wake, hutia mguu juu ya jiwe kavu, akaenda zake kwa miguu yake mwenyewe.